Tabia ni Ngozi? Maswali na Majibu Kuhusu Hulka ya Mtu Tangu Utotoni Hadi Uzeeni

Maswali haya ni ya aina ninayoulizwa mara kwa mara na akina mama, vijana na watu wazima wa Kisauni, Majengo na Mji wa Kale, hapa Mombasa. Nimeyajibu kwa pamoja kwa sababu chini yake yote mna hofu moja: kwamba mtu akishakuwa vile alivyo, basi yamekwisha.

Mwanangu wa miaka mitatu ana haya kupita kiasi. Harusini hujificha ndani ya buibui langu mpaka tunarudi. Nduguye hakuwa hivi. Nimekosea wapi?

Hujakosea, mama. Mtoto huja duniani na hulka yake. Mwaka 1956 madaktari Alexander Thomas na Stella Chess walianza kuwafuatilia watoto wa New York, Marekani, tangu uchanga. Waliona kwamba kama 40 katika kila 100 ni wepesi: hula na kulala kwa saa zao, na mgeni humzoea upesi. Kama 10 ni wagumu, wenye kilio kikali na usingizi wa taabu. Wengine 15 hivi ni wa polepole: jambo jipya huwatia wasiwasi, lakini wakiachwa walitazame kwanza, hulizoea. Waliobaki walikuwa na mchanganyiko. Wako yaelekea ni wa polepole.

Madaktari hao walisisitiza kwamba hulka peke yake haiamui mtoto atakuwaje. Kubwa ni kama wanaomlea wanakwenda naye kwa mwendo wake. Kwa hivyo harusini fikeni mapema, kabla ngoma hazijaanza na ukumbi haujajaa. Mpakate. Usimvute mkono amsalimie shangazi. Wewe salimia, yeye aone. Baada ya nusu saa utamwona anachungulia, kisha mguu mmoja unashuka chini. Nakuomba sana, usiseme mbele yake "huyu ni mwoga." Watoto hulivaa jina wanaloitwa, na kulivua ni kazi ya miaka.

Mtoto huanza lini kujijua kwamba yeye ni yeye?

Mpake nukta ya rangi ya mdomo puani bila yeye kugundua, kisha mweke mbele ya kioo. (Usitumie wanja wa manga, kwani mwingine una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto.) Akiwa na mwaka mmoja, atamchekea huyo "mtoto mwingine." Kati ya miezi 18 na 24, wengi hugusa pua zao wenyewe. Ni umri huohuo anapoanza kupiga kelele "changu!" Si ukorofi huo, ni nafsi inachipuka.

Nina miaka 17. Madrasa niko hivi, nyumbani hivi, na marafiki nakuwa mtu mwingine kabisa. Mimi wa kweli ni yupi?

Wote ni wewe, mwanangu, na bado unajipima. Mwanasaikolojia Erik Erikson, ambaye mwaka 1950 aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua nane, aliliona swali la "mimi ni nani" kuwa ndiyo kazi kubwa ya umri wako. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa mpaka kama miaka 25. Ukitimiza 18 utachukua kitambulisho. Kujitambua kutachukua muda zaidi. Jaribu kazi, jaribu fani, uliza maswali. Ila kundi likikupa jina jipya kwa sharti la kukata uhusiano na wengine wote, au majani ya muguka na unga wa kulevya ndio kiingilio, ondoka, ukamwambie mtu mzima unayemwamini.

Nina miaka 38 na hasira zangu ni za karibu. Mke wangu asema tabia ni ngozi, nitakufa nazo.

Hata ngozi, kaka, ya mtoto mchanga si ya mvuvi aliyepigwa jua miaka 20. Tafiti za mapacha zaonyesha urithi unachangia karibu nusu ya tofauti za hulka baina ya watu. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Brent Roberts na wenzake walikusanya matokeo ya makundi 92 ya watu waliofuatiliwa kwa miaka, wakaona mabadiliko makubwa hutokea kati ya miaka 20 na 40: wengi huzidi utulivu na kuwajibika. Mwaka 2017 walipitia tafiti 207 nyingine. Watu waliopata matibabu ya kisaikolojia walibadilika, kwa wastani wa wiki 24. Muone mshauri nasaha. Na ikiwa mkono umeshainuka nyumbani, usingoje wiki ijayo.

Baba ana miaka 67, fundi wa kofia, mpole barazani miaka yote. Tangu mwaka jana anatukana watu na kuchukua mahamri sahanini kwa wenzake. Wengine wasema ni uzee, wengine amerogwa.

Dada, uzee wenyewe haumgeuzi mpole kuwa mtu wa matusi. Mabadiliko kama haya ni dalili, na yanataka daktari.

Yangekuwa yamezuka kwa siku chache, ningesema mpelekeni leo hii: maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au dawa mpya huweza kumvuruga mzee ghafla. Yanayokuja kwa miezi, kama ya baba, huenda ni maradhi ya ubongo. Aina moja hushika sehemu ya mbele, mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, na mwanzoni kumbukumbu huwa nzima, ndiyo maana watu hudhani anafanya makusudi. Lakini pia huenda ni sonona (huzuni nzito isiyoisha), hitilafu ya tezi ya shingo, au ukosefu wa vitamini B12, na haya yana tiba.

Mpelekeni Hospitali Kuu ya Pwani. Chukueni dawa zake zote, hata za mitishamba, na karatasi yenye matukio matatu na tarehe zake. Nyumbani msibishane naye. Pesa zake nyingi zishikwe na mmoja mnayemwamini wote. Na ile kofia aliyoiacha nusu, mpeni pamoja na sindano, mtu akikaa karibu. Mikono huenda bado inakumbuka matundu yake.