Kipimo cha siki hakilioni chango

Mara nyingi mama huja na karatasi mkononi. Kapimwa mlango wa kizazi kwa siki, kaambiwa yu salama. "Sasa Dokta, mbona kila nikiingia mwezini kiuno chakatika?"

Karatasi haikudanganya, iliulizwa jambo jengine. Mpimaji hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama kama pana mabaka meupe, dalili ya seli zinazoweza kuja kuwa saratani. Usikiache kipimo hicho. Lakini endometriosisi, ugonjwa unaoweza kuleta maumivu hayo ya hedhi, haitafutwi hapo. Hiyo ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, ila imeota nje: kwenye ovari, nyuma ya mfuko, hata juu ya utumbo au kibofu. Siku za hedhi nayo huvimba na kuvuja, na damu haina pa kutokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila wanawake 10 wenye umri wa kuzaa, mmoja anayo.

Kwetu maumivu yote ya hedhi huitwa chango. Somo, yule mama anayemfunda msichana, humwambia mwari wake kuwa kila mwanamke analo, akizaa litaondoka. Simlaumu, naye aliambiwa hivyo hivyo. Ila chango linalomlaza msichana siku 3 kila mwezi asiende skuli, au linalouma wakati wa choo kubwa na wakati wa tendo la ndoa, hilo lichunguzwe.

Altrasaundi huonyesha vizuri uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito kama chokoleti. Vidoa vidogo vya juu juu huvipita, kwa hiyo picha safi haiufuti ugonjwa. Kipimo cha damu cha CA-125 siagizi kwa kazi hii. Hupanda hata kwa hedhi yenyewe. Zamani tulingoja kuingiza kamera tumboni ndipo tuseme neno. Miongozo ya Ulaya ya 2022 inaturuhusu kuanza dawa kwa maelezo ya mgonjwa, kwa hiyo daftari la siku zako na maumivu yake lina thamani kubwa kwangu.

Wapo wanaoogopa kumleta binti asiyeolewa, wakidhani lazima apimwe kwa ndani. Si lazima. Anakunywa maji, kibofu kikijaa tunapima juu ya tumbo.

Mzozo huja kwenye dawa, maana vidonge vya homoni tunavyotoa ni vile vile vya uzazi wa mpango. Mama mmoja alinikazia macho: "Mwanangu hana mume, Dokta. Vya nini?" Nikageuza karatasi ya altrasaundi, nikamchorea mfuko wa uzazi, nikamwonyesha utando unaotulizwa usivimbe. Nikamwambia haviondoi uzazi. Akiviacha, hedhi hurudi kama kawaida. Akauliza mara mbili tatu, kisha akavichukua na kuvitia ndani ya kitambaa cha mshono wake, bibi asije akaviona.