Bustani na mabomba ya mji mdogo vipangwe kwenye meza moja

Mji mdogo ukitangaza kwamba unataka kuboresha bustani zake na miundombinu ya maji, wengi wanaona ni habari mbili tofauti, bustani ni mambo ya urembo na watoto kucheza, maji ni mambo ya mafundi na bili. Hata ndani ya manispaa unakuta ofisi mbili, bajeti mbili, ramani mbili. Sisi wa upande wa uhandisi wa maji tunaomba wananchi muulize swali moja mapema kwenye mikutano, kabla hata mkandarasi hajapatikana: hii mipango miwili imekaa pamoja au kila mmoja unaenda kivyake? Maana chini ya bustani nyingi bomba limepita, na bustani ikitengenezwa vizuri inabeba maji ya mvua ambayo mtaro wa zege unashindwa kuyabeba.

Tuanze na chini ya ardhi. Mji mdogo kawaida unatumia mabomba yaliyolazwa wakati watu bado wachache, ya chuma yanakula kutu na njia ya maji inazidi kuwa nyembamba, hata ya plastiki kama yaliungwa hovyo yanavuja kwenye jointi. Watu wakilalamika maji hayafiki, jibu la haraka ni kuongeza pampu. Hapo ndio hela inapopotelea jamani, kwa sababu presha ikipanda na uvujaji unapanda. Tundu la milimita 3 tu kwenye bomba lenye presha ya mita 30 (yaani inayoweza kusukuma maji juu kimo cha mita 30) linamwaga karibu lita 9,000 kwa siku, na hayo maji yanaweza kuzama kwenye kokoto muda mrefu bila mtu kuona hata tope juu.

Namna ya kulijua hilo ipo na sio ya gharama kubwa. Unagawa mji kwenye kanda, kila kanda unaiwekea mita pale maji yanapoingilia, halafu unaangalia mita inasomaje kati ya saa 8 na saa 10 usiku watu wamelala. Kama maji bado yanapita kwa kasi na hakuna kiwanda wala hospitali kwenye hiyo kanda, basi mengi ya hayo yanavuja. Baada ya hapo fundi anapita na fimbo ya chuma ya kusikilizia, anagusisha ncha moja kwenye vali (kifungio cha maji kwenye bomba) na nyingine sikioni, bomba linalovuja linatoa mlio wa kuzomea usiokatika, akisogea vali ya mbele anasikia umezidi au umepungua, na hivyo anajua wachimbe wapi. Kazi hii inafanyika usiku kwa sababu mji umetulia na presha iko juu.

Kuna jambo lingine la afya ambalo naona halisemwi vya kutosha. Maji yakiwa ya mgao, ile saa bomba halina presha uchafu wa nje unaweza kuingia kupitia matundu yale yale yaliyokuwa yanavuja. Ndio maana Shirika la Afya Duniani linataka klorini, dawa ya kuua vijidudu, iliyobaki kwenye maji yanapomfikia mtumiaji isipungue miligramu 0.2 kwa lita, lakini klorini peke yake haiwezi kutibu bomba bovu.

Na mkibadilisha bomba msilaze lenye kipenyo kile kile cha zamani kwa kubana matumizi. Kipenyo kikiwa mara 2, kwa presha ile ile maji yanayopita yanakuwa karibu mara 6, wakati gharama ya kuchimba mtaro haibadiliki sana. Vali nazo zisisahaulike, bila vali za kutosha bomba moja likipasuka mnazimia maji nusu ya mji.

Sasa bustani. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, hesabu rahisi kabisa. Eneo la hekta 1 lililojaa mabati, lami na zege likipigwa na mvua ya milimita 20, hapo kuna karibu lita 200,000 zinazotafuta pa kwenda ndani ya muda mfupi. Bustani iliyoinuliwa juu kuliko barabara inazidisha shida, inamwaga maji yake barabarani. Iliyoshushwa kidogo, yenye bonde la nyasi, inayapokea, inayashikilia, halafu inayaachia taratibu. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, walijifunza kwa uchungu tarehe 2 Julai 2011, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilishuka ndani ya masaa machache na mji ukafurika, baadae wakaitengeneza bustani ya Enghaveparken iweze kushika zaidi ya mita za ujazo 22,000. Singapore nao kwenye bustani ya Bishan-Ang Mo Kio walivunja mfereji wa zege wa kilomita 2.7 wakaufanya mto unaopinda wa kilomita 3.2. Mji mdogo hauhitaji ukubwa huo, kanuni ndio hiyo hiyo.

Hofu ya mbu ni ya kweli na lazima ijibiwe. Mbu kutoka yai hadi kuruka kwa kawaida anachukua wiki moja au zaidi, kwa hiyo bonde likauke ndani ya siku 3. Kujua kama litakauka, chimba shimo la nusu mita pale pale bustani itakapokuwa, lijaze maji, liache liishe, lijaze tena halafu pima na rula yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya milimita 12 hivi, huo udongo ni mzito, hapo inabidi mkandarasi aweke mchanga, kokoto na bomba la kutolea maji chini yake. Hilo ni jaribio mwananchi yeyote anaweza kulishuhudia.

Miti ipandwe, tena mingi, ila sio juu ya bomba la maji taka, mizizi inaingia kwenye jointi na chemba zinafurika. Na utaratibu uwe mabomba kwanza, njia za kutembea zifuate, miche mwisho. Tumeona sehemu bustani inazinduliwa halafu baada ya muda katapila linakuja kufukua bomba lililokuwa linajulikana ni bovu.

Kwenye bajeti tafuteni mstari wa matunzo. Nani atatoa takataka kwenye mdomo wa bonde baada ya kila mvua kubwa, nani atazungusha vali angalau mara moja kwa mwaka zisigande, nani atamwagilia miche miaka 2 ya mwanzo. Kama mstari huo haupo, ombeni uwekwe kabla mpango haujapitishwa.