Picha ya majaribio si chenga

Kuna picha moja inayozunguka sana mitandaoni: TV ya zamani, na kwenye kioo chake duara kubwa, mistari na kichwa cha Mhindi Mwekundu mwenye manyoya. Chini yake huandikwa: "Enzi zile TV ikileta chenga." Mara ya kwanza unapita tu. Mara ya ishirini inakera.

Ile si chenga. Ni picha ya majaribio, yaani mchoro usiotembea ambao stesheni zilikuwa zikiurusha kwa makusudi wakati hakuna kipindi, ili mafundi wapime mitambo na mapokezi. Huo wa Mhindi Mwekundu ni wa kampuni ya RCA ya Marekani, wa mwaka 1939. Maana yenyewe ni hiyo tu, haina mengi.

Chenga ni kitu kingine kabisa. TV ya analojia isipopata mawimbi haitulii. Sehemu inayodhibiti ukuzaji huupandisha hadi mwisho ikitafuta stesheni, na kwa kuwa stesheni haipo, kinachokuzwa ni makelele ya angani na ya valvu (kile kichupa cha kioo cha kukuza mawimbi) ya kwanza ya seti yenyewe. Ndiyo yale madoa yanayorukaruka kama chenga za mchele kwenye ungo, na mvumo wa "shshsh" kwenye spika. Ukiona chenga, ama stesheni imezimwa, ama waya wa antena umechomoka. Ukiona picha ya majaribio, transmita, yaani mtambo wa kurushia matangazo, iko hewani na mawimbi yanakufikia.

Najua mkanganyiko unatoka wapi: vyote viwili vilionekana wakati "hakuna kitu", na enzi za picha nyeusi na nyeupe wakati huo ulikuwa mwingi. BBC ilipoanza matangazo ya kawaida ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, siku nzima ilikuwa na saa mbili tu za vipindi: saa 9 hadi 10 alasiri, kisha saa 3 hadi 4 usiku. Jumapili hakuna. Hata vipindi vilipoongezeka, Waingereza walibaki na pengo la saa 12 jioni hadi saa 1 usiku ili watoto wapelekwe kulala, na pengo hilo liliondolewa Februari 1957. Usiku ulipigwa wimbo wa taifa, transmita ikazimwa, na hapo sasa mwenye kuacha seti yake wazi alipata chenga halali. Mchana, kabla ya vipindi, ilikuwa zamu ya picha ya majaribio, mara nyingi ikiwa na muziki.

Mbona wasizime tu? Kwa sababu muuza TV na fundi wa antena hufanya kazi mchana. Aliye juu ya paa saa 4 asubuhi hawezi kungoja taarifa ya habari, na hata ingekuwepo, sura ya mtu inayotikisika haimwambii kosa liko wapi.

Chukua ile ya BBC iliyoanza 1948, inayojulikana kwa herufi C. Duara la katikati ni la kupima umbo: likionekana kama yai, urefu au upana wa picha umekosewa. Likibonyea upande mmoja tu, kurekebisha upana hakusaidii. Tatizo ni mwendo usio sawa wa mwale unaochora picha kwenye kioo. Vipande vyeusi na vyeupe vilivyopangwa pembezoni vinachunguza kama kila mstari wa picha unaanza mahali pake, na usipoanza hapo ukingo wa duara huwa na meno kama gia. Ndani ya duara kuna vifungu vya mistari inayozidi kubanana, kuanzia megahezi 1 hadi 3 (megahezi zikizidi, mistari ni myembamba zaidi), ambao ndio ulikuwa ukomo wa mfumo wa Uingereza wa wakati huo, wa picha ya mistari 405. Kifungu cha mwisho kikigeuka kijivu kitupu, seti imepoteza undani. Pembeni kuna mistari ya mshazari ya kuonyesha kama picha ni kali hadi kwenye kona.

Ngazi za kijivu za katikati ndizo zilizoharibiwa zaidi na wenye nyumba. Utaratibu ni kuacha valvu zipate moto dakika 10 au 15, kushusha kontrasti (tofauti ya weusi na weupe), kupandisha mwangaza hadi kioo kianze kung'aa kisha kurudisha kidogo, ndipo kontrasti ipandishwe hadi kila ngazi itengane na jirani yake. Watu walianza na kontrasti, ngazi mbili za chini zikamezwa na weusi, halafu wakalaumu stesheni.

Na picha kivuli, ile nakala hafifu upande wa kulia inayotokea mawimbi yakigonga ukuta na kufika yamechelewa, hupimika kwa rula. Katika mistari 405 sehemu inayoonekana ya mstari huchorwa kwa kama mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 80. Kwenye kioo chenye upana wa sentimita 40, nusu sentimita ni mikrosekunde moja, na mikrosekunde moja ni mita 300 ambazo mawimbi yamezunguka zaidi kabla ya kufika. Kama ukuta unaoyarudisha uko nyuma ya antena moja kwa moja, uko mita 150. Fundi anajua aangalie jengo lipi.

Kwetu Kenya ilianza TV mwaka 1962, nyeusi na nyeupe. Zanzibar ilianza miaka ya 1970 ikiwa na rangi tayari, kwa hiyo ukisikia mtu wa huko akisimulia "enzi za black and white", anasimulia seti ya nyumbani kwao, si matangazo. Ile michirizi mipana ya wima aliyoiona, ikianza nyeupe na kuzidi kuwa nyeusi kuelekea kulia, ni ubao wa rangi. Nyeupe, njano, samawati, kijani, zambarau, nyekundu, buluu na nyeusi zimepangwa kwa kufuata mwangaza wake, ndiyo maana kwenye seti isiyo na rangi zinashuka kama ngazi.

Na hiyo pia ni picha ya majaribio. Kwa hiyo unapoandika maelezo chini ya picha, angalia kwanza: kuna duara, michirizi iliyonyooka au namba? Andika "picha ya majaribio". Kukiwa na madoa yanayorukaruka tu, hapo andika chenga.