Aliyevuta moshi wa jenereta asiachwe alale: maswali na majibu

Umeme unapokatika jioni katika mitaa ya Kirumba na Igogo jijini Mwanza, ngurumo za jenereta huanza kusikika kutoka saluni, baa na vibanda vya kuchajia simu, na katika kambi za dagaa visiwani jenereta ndiyo umeme wenyewe. Asubuhi yake tunapokea watu wanaolalamikia kichwa, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, na wengi wao wamekwisha kumeza dawa ya malaria bila kupimwa.

Moshi wa jenereta una sumu gani?

Una kaboni monoksaidi, gesi inayotoka pale petroli, dizeli au mkaa usipoungua ukaisha. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikifika kwenye damu hushikamana na hemoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu huendelea kupumua huku ubongo na moyo wake vikikosa oksijeni. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyomo katika moshi. Kutosikia harufu hakukuhakikishii usalama.

Nitaitofautishaje na malaria?

Mwanzoni zinafanana sana, ila sumu hii kwa kawaida haileti homa. Jiulize kama mmeumwa kichwa wote chumbani kwa wakati mmoja, kama unapata nafuu ukitoka nje, na kama jenereta au jiko la mkaa lilikuwa linawaka. Kisha upimwe malaria pia, kwa sababu kuwa na moja hakuzuii kuwa na nyingine.

Kichwa kikiuma, si nimeze panadol na kulala kidogo?

Hapana. Usilale. Panadol itatuliza maumivu yaliyokuwa yanakuonya, nawe utaendelea kuvuta sumu ile ile ukiwa umefumba macho. Toka nje kwanza, uwatoe na wenzako, ndipo mtafute huduma.

Ametapika, lakini sasa anakoroma vizuri. Tumwache mpaka kukuche?

Hapana, kwa mara ya pili. Anayekoroma baada ya kutapika ndani ya chumba chenye moshi huenda amepoteza fahamu, na familia nyingi humfunika shuka kwa upole huku zikimpoteza. Fungueni mlango, mtoeni haraka, na anayeingia kumtoa asikae humo, kwani waokoaji nao huanguka. Mlazeni kwa ubavu mahali penye hewa, mpelekeni usiku huo huo. Mkiwa kisiwani, anzeni kutafuta boti sasa. Msisubiri kwanza aamke.

Tumpe maziwa yakate sumu?

Ushauri huu sijui tutauzika lini. Sumu imepita mapafuni na imo katika damu, haimo tumboni, na maziwa anayonyweshwa mtu asiye na fahamu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Dawa yake ni oksijeni. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu huhitaji takriban saa 4 hadi 5 kutoka kwenye damu; kwa oksijeni safi ya barakoa, nusu hiyo hutoka kwa muda wa saa 1 hadi saa 1 na nusu. Kwa hiyo mpelekeni moja kwa moja kwenye kituo chenye oksijeni. Mjamzito awahishwe hata kama anajisikia nafuu, maana mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi yake.

Kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kilisoma 98. Si yuko salama?

Si lazima. Kifaa hicho cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi, hivyo husoma vizuri wakati mgonjwa anakufa. Mwambieni tabibu tangu mlangoni kwamba jenereta ilikuwa inawaka, msingoje aulize.

Lakini dirisha lilikuwa wazi.

Karibu kila tunayempokea husema hivyo, na jibu halibadiliki: dirisha wazi halitoshi. Mlango wazi hautoshi. Feni haitoshi. Jenereta ikae nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likielekezwa mbali na milango na madirisha, ya jirani yakiwemo. Baraza na stoo havihesabiwi kuwa nje. Huku kwetu kuna jambo jingine: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Jenereta iliyowekwa saa 10 alasiri upande ambao moshi unakwenda zake, inaweza kuujaza moshi huo kibandani usiku wa manane. Zimeni kabla ya kulala.

Na magari yenye vitanda, yanayopita hapa na watalii kuelekea Serengeti?

Baadhi yana jenereta iliyofungwa kwenye gari lenyewe, na bomba likitoboka moshi hupenya sakafuni. Likaguliwe kabla ya safari, gari lisiegeshwe bomba likiwa limeelekea ukuta au nyasi ndefu, na ndani kiwepo king'ora cha kaboni monoksaidi kinachofanya kazi. Kulala ikiwaka ni kosa lile lile la kambini, ila godoro ni zuri zaidi.

Kuna hatari nyingine?

Zipo. Usijaze petroli injini ikiwa ya moto, usiiweke kwenye tope au mvua, na usiichomeke kwenye soketi ya ukutani, kwa maana umeme hurudi kwenye nyaya na kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo.

Alitibiwa akapona. Kwa nini anaambiwa arudi?

Kwa sababu ubongo unaweza kuonyesha madhara baada ya siku kadhaa au hata wiki: kusahau, kubadilika tabia, kutetemeka, kuyumba anapotembea. Ndugu wakiona hivyo wasikimbilie kusema amerogwa. Wamrudishe, na waeleze tena habari za jenereta, kwa sababu atakayempokea siku hiyo huenda si yule wa kwanza.