Rekodi ya huduma ya mtandao: usiipokee kutoka C jinsi ilivyo

Ukiandika maktaba inayokaa juu ya lugha ya C, utakutana na `getservbyname`. Unaipa jina la huduma na itifaki (kanuni ya mawasiliano inayotumika), tuseme "https" na "tcp", nayo inakurudishia pointa ya `struct servent`. Rekodi yenyewe ina sehemu nne tu: jina rasmi, majina mbadala, poti (namba ambayo huduma hupatikana kwayo kwenye mashine) na itifaki. Imekuwapo tangu 4.2BSD ya mwaka 1983, na maktaba nyingi huzinakili sehemu hizo nne vilevile zilivyo. Mimi sikubaliani na hilo. Kila sehemu ina sharti ambalo C imemwachia msomaji wa mwongozo alikumbuke mwenyewe, na sharti hilo linastahili kuandikwa kwenye aina ya data.

Poti ndiyo yenye mtego mkubwa. `s_port` imetangazwa kuwa `int`, yaani biti 32 kwenye mashine tunazotumia, ilhali poti ni biti 16. Tena baiti zake zimepangwa kwa utaratibu wa mtandao, kubwa ikitangulia. Kwenye prosesa za x86-64, ambako ndogo ndiyo hutangulia, ukichapisha poti ya http bila kuigeuza utaona 20480 badala ya 80. Ya https itatoka 47873. Dawa yake ni `ntohs`, inayogeuza namba ya biti 16 kutoka utaratibu wa mtandao kwenda wa mashine. Lakini mtu akiona `int` akadhani anahitaji `ntohl`, ya biti 32, atapata 5242880, namba isiyoweza kuwa poti hata siku moja, na kompaila itapitisha yote bila neno. Python ililimaliza suala hili vizuri: `socket.getservbyname` inakupa 443, basi. Kwenye Rust nami nafanya hivyohivyo:

```
pub struct Huduma {
    pub jina: String,
    pub majina_mbadala: Vec<String>,
    pub poti: u16,
    pub itifaki: Itifaki,
}
```

Namba ikishaingia kwenye `u16`, aina ya namba ya biti 16, iwe imekwisha kugeuzwa. Mtumiaji wa maktaba hana haja ya kujua kwamba utaratibu mwingine wa baiti ulikuwapo.

`String` na `Vec` hapo juu nimezichagua kwa makusudi. Rekodi inayorudishwa na `getservbyname` inakaa kwenye kumbukumbu ya maktaba ya C yenyewe, na wito unaofuata, hata ukitoka sehemu nyingine kabisa ya programu, unaweza kuandika juu yake. Nyuzi mbili (thread) za programu zikiita kwa wakati mmoja, unaweza kusoma jina la huduma moja na poti ya nyingine. Glibc, maktaba ya C inayotumika sana kwenye Linux, ina `getservbyname_r`, ambayo unailetea bafa yako, yaani nafasi ya kumbukumbu. Ikiwa ndogo inarudisha `ERANGE`, unaiongeza na kujaribu tena. Naitumia hiyo, nanakili maneno yote, kisha ndipo narudisha rekodi. Wapo wanaolalamika kwamba kunakili ni gharama. Kufungua `/etc/services`, faili inayoorodhesha huduma na poti zake, na kuipekua mstari kwa mstari kunakula muda zaidi ya kunakili maneno mawili matatu.

Itifaki wengi huiona kama pambo. Hebu tazama poti 513 kwenye faili hiyo:

```
login   513/tcp
who     513/udp   whod
```

Namba ni ile ile, huduma mbili tofauti. Kwa hiyo poti peke yake haitambulishi kitu. Ufunguo ni poti pamoja na itifaki. C inakuruhusu kupitisha `NULL`, pointa tupu, mahali pa itifaki, kisha inakupa mstari wowote utakaolingana kwanza. Kwangu itifaki ni lazima, na anayetaka zote anaita kazi nyingine inayorudisha orodha. `Itifaki` nayo isiishie kwenye tcp na udp, kwani sajili ya IANA, chombo kinachosajili namba za intaneti, ina sctp na dccp pia. Weka nafasi ya `Nyingine(String)`.

Kuhusu majina mbadala: ukitafuta "www", `jina` litarudi "http". Ujumbe wa hitilafu utumie neno alilolichapa mtumiaji.

Limebaki suala la kukosekana. `NULL` inageuka `Option`, aina ya Rust ya thamani inayoweza kukosekana, hilo ni rahisi. Ila taswira za kontena za Debian slim hazina kifurushi cha `netbase`, kwa hiyo hazina `/etc/services`, na hata "https" haipatikani. Go ina jedwali dogo la huduma mashuhuri ndani ya kifurushi chake cha `net`, kwa ajili ya mazingira kama hayo. Nami ninalo, lakini kwenye kazi ya pekee yenye jina lake, ili mwenye programu achague mwenyewe kulitegemea.

Kwa wanaosoma poti kutoka faili la mipangilio: RFC 6335, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2011, inataka jina la huduma lisizidi herufi 15 na liwe na angalau herufi moja ya alfabeti. Kwa hiyo "8080" haiwezi kuwa jina. Ichanganue kama namba moja kwa moja, bila kuigusa `/etc/services`.