Kanuni za Matamshi katika Lugha ya Kuundwa: Mfano wa Kiesperanto

Lugha ya kuundwa ni lugha iliyobuniwa kwa makusudi, tofauti na ile inayokua yenyewe vinywani mwa wasemaji kizazi baada ya kizazi. Kwa kuwa mwanzoni haina wasemaji wa kuulizwa neno fulani hutamkwaje, mbunifu hulazimika kuamua mapema ni sauti zipi zitumike, kila sauti iandikwe kwa herufi gani na mkazo uwekwe wapi. Maamuzi hayo ndiyo kanuni za matamshi.

Kiesperanto, ambacho L. L. Zamenhof, daktari wa macho, alikitangaza mjini Warsaw mwaka 1887, kina kanuni 16 za sarufi. Ya 9 inaagiza kila neno lisomwe kama lilivyoandikwa, na ya 10 inaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Msomaji wa Nairobi aliyezoea Kiswahili atajiona mwenyeji, maana hata irabu ni zile zile tano. Tofauti ni kwamba Kiswahili kina upungufu wake wa utaratibu: neno barabara hubeba mkazo kwenye silabi ya tatu tukitaja Barabara ya Ngong, lakini hubeba kwenye ya pili likimaanisha sawasawa. Kiesperanto hakiruhusu jambo hilo.

Alfabeti yake ina herufi 28, na sita kati yake zina alama juu. Ĉ ni ch yetu, ŝ ni sh, ĝ inakaribia j ya jambo, na ĥ ni kh ya sheikh. Ĵ ni sh iliyotiwa mtetemo wa koo. Zinazopotosha zaidi ni zile zisizo na alama yoyote, kwa sababu macho yaliyozoea Kiingereza cha shuleni huzipita bila kushuku: c husomwa ts, na j husomwa y, hivyo jaro, yaani mwaka, hutamkwa yaro.

Ugumu halisi kwetu umo katika kuhesabu silabi. Kiswahili huhesabu kila irabu kuwa silabi, kwa hiyo mtu akiliona neno antaŭ, lenye maana ya mbele ya, ataligawa an-ta-u na kuukaza mkazo kwenye ta. Hilo ni kosa, kwani ŭ ni kiyeyusho, yaani sauti kama w yetu isiyounda silabi peke yake, si irabu. Neno lina silabi mbili tu, na mkazo uko kwenye an. Vivyo hivyo domoj, nyumba katika wingi, ni DO-moy, na anayeongeza irabu mwishoni ili ulimi upumzike, kama tunavyofanya na maneno mengi ya kukopa, huwa ameongeza silabi na kuuhamisha mkazo bila kujua. Kinyume chake, i ni irabu kamili, kwa hiyo familio ni fa-mi-LI-o.

Wanaochanganya l na r, kasoro inayosikika sana jijini, hawana budi kuwa waangalifu: lando ni nchi, rando ni ukingo.

Kanuni ya 16 inaruhusu o ya mwisho ya nomino idondoshwe, hasa katika ushairi, na nafasi yake ishikwe na alama ya ritifaa. Mkazo hauhami: famili' hubaki na mkazo kwenye li, ingawa silabi hiyo sasa ndiyo ya mwisho.