Rojo la mboga la mtoto: liwe zito, na lisiwe la mboga peke yake

Kila tunapofanya mapishi darasa siku ya kliniki, huwaomba akina mama waje na chakula walichompikia mtoto nyumbani. Nachota kijiko kimoja, nakiinamisha. Mara nyingi kinachotoka ni maji ya rangi ya chungwa, yanatiririka kama chai. Karoti imo, boga limo, mama ameamka alfajiri kumenya na kusaga, na mtoto bado hajapata alichokuwa anahitaji. Inaniuma, maana fedha imetumika na jasho limetoka. Kilichoharibu ni maji.

Tupige hesabu kidogo. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji takribani kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza, juu ya zile anazopata kwenye maziwa ya mama. Boga lililochemshwa hutoa kama kilokalori 20 hadi 40 kwa gramu 100, kutegemea aina. Kwa hiyo kwa boga tupu angetakiwa ale nusu kilo hadi kilo nzima kila siku, na tumbo lake, hata akifika miezi 8, linabeba mililita 200 hivi kwa mlo mmoja. Ukishaongeza maji ili blenda izunguke vizuri, tumbo linajaa, mtoto anageuza uso, na mama anaamini ameshiba.

Kipimo chetu ni kijiko. Chota rojo, inamisha kijiko: likikaa, au likidondoka polepole kwa fungu, limefaa. Likitiririka, rudisha jikoni uongeze kiazi.

Mwanzo wa chakula ni miezi 6 kamili. Wapo bibi zetu, wenye nia njema kabisa, wanaosema mtoto wa miezi 3 akilia sana apewe uji. Shikamoo zao tunazitoa, lakini kwa umri huo maziwa ya mama yanatosha. Hata maji hayahitaji. Na baada ya miezi 6 kunyonya kunaendelea, mpaka miaka 2 au zaidi.

Sasa tupike. Kwa mlo wa kwanza napendelea kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa, kwa sababu kina nguvu kuliko boga na karoti, na rangi yake hiyo ndiyo inayoleta vitamini A. Penye ndizi za kupika, nazo zinafaa sana. Osha kiazi kabla ya kukimenya, kata vipande vidogo vinavyolingana ili viive pamoja, tia maji yasiyozidi nusu ya kimo cha vipande, funika sufuria, moto uwe wa wastani. Kikiwa tayari kijiko kinapita bila kusukumwa. Maji yaliyobaki usiyamwage. Vitamini nyingine zimeingia humo, na ndiyo utakayolainishia, kijiko kimoja kimoja. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa ni bora zaidi kwa kulainisha: mtoto anaijua ladha yake.

Boga na karoti ni hivyo hivyo, ila viwe wenza wa kiazi au ndizi. Mchicha, matembele au majani ya maboga vioshwe vikiwa vizima kwa maji yanayotiririka, ndipo vikatwe vidogo sana na kuingia sufuriani dakika chache za mwisho. Kukata kwanza na kuosha baadaye ni kumwaga lishe na maji machafu pamoja.

Kuponda hakuhitaji umeme. Uma unatosha, au mwiko, au kinu kidogo kilichooshwa vizuri. Ukitaka laini kabisa siku za mwanzo, pitisha kwenye chujio safi la waya, ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Mwenye blenda aitumie, mradi asiongeze maji kwa ajili yake, na afungue kisu aoshe chini yake kila mara. Pale ndipo chakula cha jana hujificha.

Rojo likiwa tayari, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula. Kijiko hicho kinaongeza kama kilokalori 40, na bila mafuta mwili wa mtoto haufyonzi vizuri ile vitamini A ya boga, karoti na kiazi lishe. Kinamama wengi hushangaa hapa, kwa kuwa wamezoea kusikia mafuta ni adui. Kwa mtoto wa umri huu si adui.

Halafu kuna madini ya chuma, na hapa ndipo mboga peke yake inaposhindwa. Akiba ambayo mtoto alizaliwa nayo inapungua sana anapofika miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Rojo la karoti, hata likiwa zuri namna gani, halizibi pengo hilo. Tia unga wa dagaa: chagua dagaa, toa vichwa na mchanga, osha kwa maji ya moto, kausha kikaangoni, twanga, chekecha. Kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli kinatosha kuanzia. Siku nyingine tia kiini cha yai lililoiva vizuri, au nyama iliyosagwa, au kipande kidogo cha ini la kuku mara moja kwa wiki. Siku huna vya mnyama, maharage au njegere zilizopondwa, na kipande cha papai au chungwa baada ya mlo ili chuma hicho kifyonzwe. Karanga zilizosagwa pia ni nzuri, lakini zenye kuvu, zilizosinyaa au chungu tupa zote. Sumukuvu haifi kwa kupikwa. Chumvi na sukari usitie. Asali isubiri mpaka mtoto atimize mwaka, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwa mtoto.

Anza na vijiko 2 au 3 vya chakula, mara 2 kwa siku, ukiongeza taratibu mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250, mara 2 au 3. Mtoto akae wima. Mara ya kwanza ulimi utasukuma chakula nje na mama atasema, "Afisa, hapendi." Hajakataa, anajifunza kumeza kitu kisicho maziwa. Chakula kipya huweza kuhitaji kuonjeshwa mara 8 hadi 10 kabla hajakizoea. Usimshike pua, usimlazimishe. Tumia kikombe na kijiko, si chupa ya chuchu, ambayo ni ngumu kusafisha.

Pika cha mlo mmoja ukiweza. Kisichoguswa na kijiko cha mtoto kikae kwenye jokofu, kitumike ndani ya siku moja, na kichemke upya kabla ya kupoza na kumpa. Asiye na jokofu asikiache zaidi ya saa 2. Mabaki ya bakuli la mtoto yameshaingia mate, hayawekwi.

Na rojo lina muda wake. Kuanzia miezi 8 acha vibonge vidogo, ponda kwa uma tu, mpe kipande laini cha boga akishike mwenyewe. Mtoto anayecheleweshwa kwenye vitu laini mpaka baada ya miezi 10 mara nyingi husumbua kula baadaye. Akianza vibonge atakohoa na kutoa ulimi, uso utakuwa mwekundu, mwache, anajirekebisha. Anayekabwa kweli hatoi sauti wala hakohoi: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige mgongoni mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, huku mwenzako akitafuta usafiri wa kwenda kituoni. Karanga nzima na karoti mbichi zisiwe karibu naye kabisa.